Kava la Mwanamke Mwenye Mlango

Siku mgeni alipopiga hodi, Mama Brashi alikuwa amekaa kizingitini anakwangua rangi kwenye kucha kwa ncha ya kisu. Jana yake alikuwa amemaliza kibao cha duka la dawa, na ile rangi ya kijani ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mistari ya viganja.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Pitia pembeni, hapo katikati nimemwaga maji."

Aliyeingia ni mwanamke wa makamo, mkoba begani, viatu mkononi. Akakaa alipoonyeshwa, akanywa maji aliyopewa, akauliza hali ya nyumba nzima, mpaka ya watoto waliokwisha kuoa na kuhama. Alipoona adabu imetosha, akatoa kwenye mkoba kitu kilichotiwa kwenye plastiki ngumu, akakilaza mezani taratibu kama mtu anayelaza kichanga.

"Mama, hii unaijua?"

Mama Brashi akainama. Kwanza hakuona kitu zaidi ya kipande cha boksi la sabuni kilichokunjika kona. Halafu akaiona picha. Mwanamke wa gauni la njano, amebeba mlango mgongoni, mlango mzima na komeo lake, umefungwa kwa kamba kifuani, anashuka ngazi za mawe. Nyuma yake daraja limekatika katikati.

"Ee! Huyu si wa kwangu huyu? Umemtoa wapi?"

Mgeni akacheka kwa furaha. "Ndiyo maana nimekutafuta miezi mitatu, mama."

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, ili jambo hili lieleweke. Miaka thelathini iliyopita mume wa Mama Brashi alikuwa na duka la kuazimisha kanda za video. Kanda zimekufa, duka limekuwa saluni, lakini yeye watu wanamwita Mzee Kanda mpaka leo. Kanda zile alizinunua kwa jumla, na zilikuja uchi: boksi jeusi, jina la filamu limeandikwa kwa kalamu, basi. Na kanda isiyo na picha haiazimwi. Mteja ataishika, ataigeuza, atairudisha. Kwa hiyo mkewe, aliyekuwa fundi wa kuandika vibao, alichora makava kwa rangi zilizobaki mikebeni, nyuma ya maboksi ya sabuni na biskuti.

Ila filamu zenyewe hakuziona hata moja. Deki ilikuwa dukani, viti vilikuwa vya wateja, na yeye alikuwa nyumbani na watoto watatu na vibao vya watu. Mzee Kanda alikuwa anaangalia filamu asubuhi, mchana anakuja kula, na kati ya tonge na tonge anamsimulia. "Basi yule jambazi akaruka ukuta, pita kule, huyoo!" Mama Brashi anasikiliza huku anasafisha sufuria. Jioni kava limekauka, linaning'inia dukani. Alichora hivyo makava zaidi ya mia tatu. Mvua ililowesha mengine, mengine yakafunikia mitungi. Hili moja lilikuwa limemwangukia mtu anayekusanya vitu vya zamani, naye akalipiga picha akalionyesha dunia, mpaka likafika mikononi mwa mgeni huyu.

"Mimi natoka kwenye kampuni inayofufua filamu za zamani," mgeni akaeleza. "Tunazisafisha, tunazitia kwenye diski, na diski tunaitia kwenye sanduku gumu lenye namba, na kijitabu ndani yake. Tunatengeneza machache tu. Yakiisha yameisha."

"Kwani watu hawana filamu kwenye simu?"

"Wanazo, mama. Hawa wetu wanataka sanduku. Wanalipanga rafuni wanaliangalia. Kona ikibonyea kidogo tu, wanalirudisha."

"Kona ya filamu?"

"Kona ya sanduku."

Mama Brashi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. "Haya, mwanangu."

"Sasa tunatoa hii filamu ya mlinzi wa daraja. Tunataka kava lako ndilo liwe juu ya sanduku. Na hapa chini litaandikwa jina lako. Jina lako kamili, lile la kwenye kitambulisho."

Maisha yake yote Mama Brashi alikuwa ameandika majina ya watu. Kinyozi, mwenye hoteli, daktari wa meno, hata marehemu kwenye mbao za makaburini. Lake mwenyewe hakuwahi kuliandika mahali ambapo mtu angepita akalisoma. Hakuwahi hata kufikiri kwamba analitaka. Ndipo alipojua, palepale, kwamba analitaka sana, mpaka akaona haya.

"Niweke sahihi wapi?" akauliza haraka.

Mgeni akatoa karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu, naye akaisoma kwa sauti. Wa kwanza: picha hii nimeichora mimi. Wa pili: nimeibuni mwenyewe, sikuinakili popote. Wa tatu: inaonyesha habari iliyomo ndani ya filamu hii.

"Lakini kabla hujaweka," akasema, na sauti ikashuka, "kuna jambo. Tulipotangaza kava hili, mkusanyaji mwingine alituandikia. Anasema wewe umeiba."

"Nimeiba nini?"

Mgeni akafungua simu akamwonyesha. Lilikuwa kava la zamani lililochapishwa kiwandani, la filamu nyingine kabisa. Na juu yake, mwanamke amebeba mlango mgongoni. Gauni la njano.

Mama Brashi akaishika ile simu kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Uso haukuwa ule. Ngazi hazikuwepo, wala daraja. Lakini mlango, kamba kifuani, mgongo uliopinda, na ile njano!

"Hii mimi sijawahi kuiona," akasema.

"Ndivyo nilivyotaka kusikia."

"Ila hata mimi ningekuwa huyo mkusanyaji, ningesema imeigwa."

Mgeni akarudisha simu mkobani. "Mama, mimi narudi baada ya siku nne. Ukiweka sahihi, kampuni itasimama na wewe, na huyo bwana atakosa la kusema. Usipoweka, tutatia picha ya daraja tu, jina lako halitakuwepo, na yeye ataendelea kukuita mwizi kila anapopata pa kuandika. Nakuachia diski ya filamu nzima, imetoka kwenye ukanda wa kwanza kabisa bila kupungua; mimi mwenyewe sijapata nafasi ya kuiona, ninyi muiangalie. Mkumbuke vizuri."

Akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Mama Brashi akabaki ameshika tama.

Mzee Kanda aliporudi na kuelezwa, hakuhangaika hata chembe.

"Weka sahihi, mama watoto. Kuna swali gani hapo? Yule mwanamke yumo kwenye filamu. Mimi si ndiye niliyekusimulia?"

"Ulinisimulia. Lakini mbona na huku yumo?"

"Wameiga wao."

"Kava lao lina tarehe, baba watoto. Limetangulia letu miaka mingi."

"Basi waliiga kabla." Mzee Kanda akajisikia mwenyewe, akakohoa. "Sikiliza. Mlinzi wa daraja anakaa ng'ambo hii, mkewe ng'ambo ile. Mafuriko yanakuja, daraja linakatika. Mlinzi anabaki na taa yake anaita, anaita, hakuna jibu. Watu wote wanajua ndiyo basi. Kumbe mke kang'oa mlango wa nyumba yao, kaufunga mgongoni, anashuka nao mtoni auweke pale palipokatika mumewe avuke. Hapo ndipo kila mtu dukani alikuwa analia. Mimi nasahau funguo, nasahau siku ya kliniki, lakini filamu ile siisahau."

Alivyosimulia, ungedhani mto uko nyuma ya nyumba.

Kesho yake wakaenda kwa wifi, dada yake Mzee Kanda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchezea diski. Huyu wifi ni mwanamke asiyekopesha maneno. Akawapangia viti akasema, "Njooni tumwangalie mwizi wetu. Wifi yangu, miaka yote hii kumbe ulikuwa unaiba na sisi hatukuonja?"

"Niache, wifi, nina mawazo."

"Mwizi gani huyu ana mawazo!"

Filamu ikaanza. Ilikuwa ya rangi ya majivu, safi kabisa, mpaka mawe ya daraja ungeyahesabu. Ndiyo mara ya kwanza Mama Brashi kuiona, na alikaa ameinama mbele, kila kitu akikipima na alichosimuliwa. Mlinzi yumo. Taa imo. Mafuriko yakaja, daraja likakatika, mlinzi akaita, akaita. Maji yakapita. Kisha neno likaandikwa kwamba filamu imekwisha, na muziki ukakatika.

Wakakaa wanangoja.

"Bado," Mzee Kanda akasema. "Ngojeni."

Mashine ikarudi mwanzo yenyewe.

"Kaka," wifi akasema, "mke yuko wapi?"

"Wameikata!" Mzee Kanda akasimama. "Wamekata pazuri! Watu hawa wana wazimu, unakataje mwisho wa filamu?"

"Mgeni alisema nzima," Mama Brashi akasema. "Alisema wameitoa kwenye ukanda wa kwanza kabisa, wala haikupungua hata dakika."

"Basi kadanganywa."

"Au labda ulidanganya wewe," wifi akadakia. "Wewe na tonge mkononi, nani angekukamata?"

Ikawa ugomvi wa kucheka nusu, kukasirika nusu. Mama Brashi hakuingia. Kichwa chake kilikuwa kimejaa maswali. Ikiwa mke hayumo kwenye filamu, basi mumewe alimtoa wapi? Ikiwa alimtoa kwenye kava la wale wengine, akaja kumsimulia kama habari ya filamu, basi yeye mkewe aliiga bila kujua. Na je, mtu anayeiga bila kujua, ni mwizi au si mwizi?

Wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Njiani wakapita kwa fundi cherehani, mteja wa zamani wa duka, na Mama Brashi akamuuliza kwa ghafla, bila kumtayarisha.

"Shemeji, unaikumbuka filamu ya mlinzi wa daraja?"

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. "Ile ya mke na mlango? Naisahauje! Mimi nililia mpaka mke wangu akaniuliza nani amekufa."

"Ulimwona kwa macho yako? Mke amebeba mlango?"

"Kwa macho yangu mawili. Mara tatu. Anashuka ngazi, hivi." Fundi akainuka, akapinda mgongo, akatembea baina ya vitambaa vyake kama aliyebeba mzigo.

Mzee Kanda akamgeukia mkewe, mikono kiunoni. "Umesikia? Au na yeye alikuwa na tonge?"

Sasa ndipo Mama Brashi alipozidi kuchanganyikiwa. Ingekuwa mumewe peke yake, angesema ni uzee. Lakini akauliza mwuza mkaa, akauliza mwalimu mstaafu, na wote wawili walikuwa wamemwona. Mwalimu alikumbuka mpaka mbwa aliyemfuata yule mwanamke ngazini. Mtaa mzima ulikuwa umemwona mtu ambaye kwenye filamu hayumo.

"Wifi," akasema siku ya tatu, "zile kanda zilizobaki ziko kwako bado?"

Mzee Kanda alikuwa na kanda kama arobaini ambazo hakuwa na moyo wa kuzitupa, wala mkewe hakuwa na moyo wa kukaa nazo. Kwa hiyo ziliishi kwa wifi, chini ya kitanda.

"Ziko. Nane zimeinua mguu wa kitanda. Ukizitoa, mimi nitalala nimeinama kama bakuli."

"Tutaweka tofali."

Wakapiga magoti wote watatu, wakavuta kanda moja moja, wakipuliza vumbi. Ya mlinzi wa daraja ilikuwa ya sita kati ya zile za mguu wa kitanda. Mzee Kanda akaifuta kwa shati lake. Wakaenda nayo moja kwa moja kwa fundi redio, mtu wa mvi aliyekuwa na deki moja nzima kati ya tano zilizovunjika.

"Mnataka kuangalia harusi ya nani?" akauliza.

"Kesi," wifi akajibu. "Tunatafuta shahidi."

Fundi akasafisha kichwa cha deki kwa pamba, akasukuma kanda, akaipeleka mbele mpaka karibu na mwisho. Picha ilikuwa inatetemeka, majivu juu ya majivu. Mlinzi na taa yake. Anaita. Maji yanapita. Neno la mwisho likatokea.

Mzee Kanda akainua kidole. "Msiondoke. Bado."

Runinga ikajaa chuya, chengachenga nyeupe na nyeusi zinachemka kama uji. Ikaendelea hivyo, muda wa kumeza mate mara mbili tatu. Halafu chuya zikapasuka, na hapo, bila sauti, mwanamke akawa anashuka ngazi za mawe na mlango mgongoni. Mbwa nyuma yake.

"Huyooo!" Mzee Kanda akapiga makofi. "Nani mwongo sasa? Semeni!"

Mama Brashi akalengwa na machozi kabla hajajua kwa nini. Yule mwanamke alishuka, akageuka kona, akapita mbele ya ukuta mrefu, akapumzika, akaendelea. Kisha kanda ikafika ukingoni, ikakata.

Ni fundi redio aliyejikuna kidevu. "Mzee, hii ni filamu mbili."

"Mbili vipi?"

"Huoni nyumba zimebadilika? Huoni hata maji hayapo? Hawa wa jumla hawakununua kanda mpya kila siku. Wanachukua kanda yenye filamu ya zamani, wanarekodi mpya juu yake. Filamu mpya ikiwa fupi, mkia wa ile ya zamani unabaki huku mwisho haukufutwa. Nimeona nyingi. Kuna jamaa yangu alijua mapambano yote ya ngumi huishia kwenye mapishi."

Mzee Kanda akakaa taratibu juu ya redio iliyovunjika.

Miaka yote ile, kila mteja aliyetaka kunyanyuka filamu ilipokwisha, yeye ndiye aliyemzuia: msiondoke, bado. Alidhani zile chuya ni ubovu wa kanda. Na kwa kuwa mwanamke alitokea bila sauti na bila maelezo, yeye akamtafutia maelezo. Ni mke. Mlango ni wa nyumba yao. Anaupeleka mtoni. Hakuna aliyemwambia. Alijiunganishia mwenyewe, akaamini, akamlisha mkewe, na mtaa mzima ukashiba.

"Sikudanganya," akasema kwa sauti ndogo.

"Hujadanganya, baba watoto."

"Niliona, nikasema nilichoona."

"Najua."

Wifi, ambaye siku zote ana la kusema, akamshika kaka yake bega. "Na hata ule mwisho wako ni mzuri kuliko wao. Wao wamemwacha mtu na taa tu, kama mlinzi wa benki."

Njiani Mama Brashi alihisi mzigo umeshuka. Yeye hakuiga kava la mtu. Mwanamke alitoka kwenye kanda, akapita kwenye macho ya mumewe, akatoka mdomoni kwa mumewe, akaingia kwenye brashi yake. Wale wa kava la kiwandani walimtoa kwenye filamu yao, naye alimtoa kwenye mkia wa filamu hiyohiyo. Ndugu wawili wa baba mmoja wasiojuana, lazima watafanana.

Akasimama ghafla katikati ya barabara, baiskeli ikampitia pembeni ikimpigia kengele.

"Baba watoto. Gauni lilikuwa rangi gani?"

"Njano."

"Tumetoka kuiona sasa hivi. Ilikuwa rangi gani?"

Mzee Kanda akaitazama kanda iliyokuwa mkononi mwake. Filamu ile, kama ya kwanza, ilikuwa majivu matupu. Hakukuwa na njano ndani yake, wala nyekundu, wala kitu.

"Mimi nilikwambia njano," akasema.

"Uliona wapi njano?"

"Sijui. Nakumbuka njano."

"Au mimi ndiye niliyepaka njano, na wewe umekaa na kava dukani miaka mingi mpaka ukakumbuka njano? Maana nakumbuka nilikuwa na mkebe wa njano, ulibaki kwenye kibao cha shule ya chekechea."

"Basi ndiyo hivyo. Wewe ulipaka."

"Lakini kile kibao nilikiandika kabla au baada?"

Mzee Kanda akavua kofia, akajifuta jasho. "Au niliona lile kava lao kule kwa wa jumla. Walikuwa na makava ukutani. Nilikuwa naenda kila mwezi. Huenda niliona. Huenda sikuona. Mke wangu, usiniulize tena, kichwa kinaniuma."

Na yeye hakumuuliza tena. Lakini alijiuliza mwenyewe, usiku huo kitandani na asubuhi yake jikoni, mpaka akatia chumvi kwenye chai. Kila alipojaribu kukumbuka siku ile, aliiona njano tayari iko kwenye brashi. Nani aliyeichovya huko, hakumwona.

Siku ya nne mgeni akaja. Safari hii Mzee Kanda alikuwepo, na wifi pia, aliyesema amekuja kuazima pasi. Mama Brashi akamsimulia mgeni yote, polepole, mwanzo mpaka chuya. Mgeni alicheka, akaacha kucheka, akaandika, akaomba kuiona kanda akaishika kama yai.

"Mama, hii ni habari nzuri," akasema. "Hukuiga. Weka sahihi."

"Isome tena karatasi."

Akaisoma. Mama Brashi akahesabu kwa vidole. "Wa kwanza ni kweli. Nimechora mimi. Wa tatu si kweli, mwanamke hayumo kwenye filamu hii. Na wa pili, nimebuni mwenyewe, ndio unaoninyima raha. Mwanamke ni wa filamu nyingine. Kisa ni cha huyu mzee. Njano sijui ni ya nani. Sasa mimi nimebuni nini?"

"Mama watoto!" Mzee Kanda akashindwa kuvumilia. "Jina lako hilo linakwenda na maji! Weka sahihi, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Si wewe mwenyewe unasema kwamba hujui?"

"Ndiyo. Ninajua kwamba sijui."

"Haya, mtu na mkewe wameanza," wifi akanong'ona kwa mgeni.

Mama Brashi akamgeukia mgeni. "Mwanangu, una karatasi nyingine isiyo na maneno? Andika ninavyokwambia." Mgeni akatoa daftari. "Andika: Picha hii nimeichora mimi. Filamu sikuiona, nilisimuliwa na mume wangu wakati wa chakula. Yeye aliona filamu mbili akadhani ni moja, akaziunga, na mimi nikachora alivyoziunga. Kava la watu wengine sikuliona kwa macho yangu. Rangi ya njano sijui ilitoka wapi."

Kalamu ya mgeni ikasita. "Huo wa mwisho, mama, tungeuacha. Unatia shaka."

"Shaka si ipo? Niifiche wapi?"

Mgeni akatoka na simu yake. Wakamwona dirishani anazunguka uani, anainua mkono, anaushusha, anakwepa nguo kwenye kamba. Mzee Kanda alikuwa anatafuna ukucha. Mama Brashi alikuwa amekunja mikono mapajani, na ndani yake alikuwa anajililia jina lake kama mtu anayemlilia mtoto aliyemtuma mbali mwenyewe. Angeweza kunyamaza tu. Mstari mmoja tu.

Mgeni akarudi. "Mkubwa wangu anasema hajawahi kuletewa karatasi kama hii. Kwanza alisema hapana. Halafu akanifanya nimsomee tena. Halafu akasema hajui."

"Naye hajui?"

"Naye hajui. Mwisho amesema hivi: juu ya sanduku haiwezi kukaa, kwa sababu mwanamke si wa filamu hii. Juu itakaa picha ya daraja. Yako itakuwa ndani, unafungua ndio unaikuta, na chini yake maneno yako yote kama ulivyoyasema, na jina lako."

"Ndani!" Mzee Kanda akaruka. "Nani anafungua ndani?"

"Kaka, wewe filamu uliwahi kuiangalia kwa nje?" wifi akamuuliza.

"Na yule bwana anayeniita mwizi?" Mama Brashi akauliza.

Mgeni akatabasamu kwa aibu. "Yule ataisoma. Ameshaagiza masanduku mawili."

"Ananiita mwizi, na ameagiza mawili?"

"Moja la kufungua, mama. Na moja la kutofungua."

Mama Brashi akamtazama mgeni, akamtazama wifi yake, kuona kama kuna mtu chumbani aliyeelewa. Hakumwona. Akavuta daftari karibu, akachukua kalamu. Mkono wake ulikuwa umezoea herufi za kimo cha mtoto, zenye kivuli ubavuni, zinazosomwa kutoka ng'ambo ya barabara. Hapa aliachiwa mstari mfupi kama kijiti cha kiberiti. Akaigeuza kalamu vidoleni, akitafuta pa kuanzia.

Mzee Kanda akasogea nyuma yake, akainama juu ya bega lake.

"Sasa, mama watoto, niambie. Tumeshinda au tumeshindwa?"

"Sijui, baba watoto," akasema. "Nipishe mwanga, niandike."